Garimoshi dogo lenye sauti ni tarakilishi, na ufunguo wake ni wetu

Haya wasomaji, leo tuache kidogo habari za seva na simu, tupande garimoshi. Najua wapo watakaosema, huyu naye, mtu mzima na vigarimoshi vya kuchezea! Vumilieni. Ndani ya hicho mnachokiita kichezeo mna ubishi ule ule tulio nao kila siku kwenye tarakilishi zetu: ukishanunua kifaa, ni nani mwenye haki ya kukifungua, kukisoma na kukirekebisha? Wewe, au aliyekuuzia?

Msimamo wangu nautoa mapema ili tusizungushane. Injini ndogo yenye sauti ikileta matata, mara nyingi mwenyewe anaweza kulipata kosa kwa dakika chache bila kumwita fundi, kwa sababu tu kuna watu waliokubali kuandika wazi jinsi inavyofanya kazi. Pale ambapo hawakukubali, umekwama. Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue ipi, simwambii ipi ina honi tamu. Namwuliza kama ataweza kuisoma na kuiandika.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Si kile kigarimoshi cha plastiki cha betri. Nazungumzia garimoshi la mfano lililotengenezwa kwa vipimo, ambalo Wamarekani hulipenda kwa kipimo cha HO (1 kwa 87) na Waingereza kwa OO (1 kwa 76). Injini yake unaibeba kwa mkono mmoja, na ikiwa na sauti bei yake mara nyingi hupita dola 200. Tumboni mwake mna mota, gia, taa, spika ndogo na kibao cha elektroniki kiitwacho dikoda. (Si ile ya televisheni, ingawa jina ni moja.) Dikoda hii ni tarakilishi kamili. Ina prosesa, ina kumbukumbu, ina amplifaya, na mara nyingi sauti zake zimerekodiwa kutoka kwa injini za kweli: mngurumo wa dizeli, kengele, breki, pumzi za mvuke.

Zamani mambo yalikuwa rahisi. Ukizungusha kitufe volti zinaongezeka, mota inazunguka haraka zaidi, na injini zote zilizo kwenye reli hiyo zinakwenda pamoja zikitaka zisitake. Siku hizi kuna mfumo unaoitwa DCC. Reli hubeba stima wakati wote, kama volti 14 hadi 16 kwa HO, na stima hiyo hiyo ndiyo ujumbe. Kituo cha amri hubadilisha upande wa chanya na hasi bila kukoma. Kila nusu ya mzunguko ikichukua mikrosekunde 58, hiyo ni 1. Ikichukua 100 au zaidi, hiyo ni 0. Kisha unakuja mpangilio ambao mwandishi yeyote wa programu atautambua akiwa amefumba macho: msururu wa 1 wa kuamsha, anwani ya injini, amri, halafu baiti moja ya kukagua makosa inayopatikana kwa XOR. Basi! Ni pakiti. Injini inayosikia anwani yake inatii, nyingine zinanyamaza.

Na haya nimeyajuaje? Kwa sababu yameandikwa wazi. Mfumo ulitoka kwa Lenz wa Ujerumani. Chama cha wapenda reli za mfano cha Marekani, NMRA, kikauchukua kuwa msingi, na mwaka 1994 ukawa kiwango ambacho yeyote anaweza kukisoma na kutengeneza kifaa chake. Ndiyo maana leo unaweza kuwa na kituo cha amri cha kampuni moja na dikoda ya kampuni nyingine, na wakaelewana. Kiwango hicho pia kilipanga vijisanduku vya kumbukumbu ndani ya dikoda, vinavyoitwa CV, kuanzia 1 hadi 1024, kila kimoja kikibeba namba kati ya 0 na 255. CV1 ni anwani fupi, na injini mpya karibu zote hutoka kiwandani zikiwa namba 3. CV3 ni jinsi inavyochukua mwendo, CV4 ni jinsi inavyopunguza. CV8 inakwambia aliyeitengeneza ni nani.

Sasa tuje kwenye malalamiko. La kwanza, na ambalo naweza kuweka dau kwamba ndilo kubwa kuliko yote: "Injini yangu inakwenda vizuri lakini sauti inakatika na kuanza upya, dikoda ni mbovu." Dikoda si mbovu. Angalia kinachotokea. Mota ya injini nzuri huwa na gurudumu zito kwenye mhimili wake, kwa hiyo stima ikikatika kwa muda mfupi sana, gurudumu linaendelea kuzunguka na wewe huoni lolote. Sauti haina gurudumu zito. Prosesa ikikosa stima inazima, ikiipata inawaka upya, na wewe unasikia dizeli ikiwashwa tena katikati ya safari kana kwamba dereva amepata wazimu. Uchafu ulikuwepo kwenye reli tangu zamani, ila injini za kimya zilikuwa zinakuficha. Hii yenye sauti inakwambia ukweli, nawe unataka kuirudisha dukani!

Basi futa reli. Halafu futa magurudumu, maana watu husahau kwamba uchafu husafiri. Njia ya magurudumu ni rahisi: laza karatasi laini ya kufutia juu ya reli, idondoshee kiyeyushi, sukuma nusu ya injini juu yake huku nusu ya pili ikipata stima kwenye reli tupu, uache magurudumu yazunguke. Utaona mistari myeusi. Usitumie msasa, kwa sababu mikwaruzo yake ni mashimo ya kuhifadhi uchafu wa kesho. Kuhusu kiyeyushi kuna mabishano makali. Mwaka 2019 jarida la mtandaoni la Model Railroad Hobbyist lilichapisha makala ya Joe Fugate iliyowashauri watu waache spiriti waliyoizoea na watumie viyeyushi vya aina ya mafuta, kama vile mafundi rangi husafishia brashi, kwa hoja kwamba reli hukaa safi kwa muda mrefu zaidi. Wapo waliokubali na wapo waliokasirika. Mimi nasema kiyeyushi chochote ni bora kuliko kulaumu dikoda, mradi dirisha liwe wazi na moto uwe mbali.

Reli ikiwa safi na sauti bado inakatika mahali pale pale kila mzunguko, tatizo ni waya. Chukua sarafu ya shilingi ishirini uilaze ikigusa reli zote mbili. Ndiyo, piga shoti makusudi, kwa sekunde moja tu. Kituo cha amri kinapaswa kuzima papo hapo. Kisipozima, maana yake stima haifiki pale kwa nguvu inayotosha, ama waya ni mwembamba mno ama kiungo hakikulehemiwa. Hilo si jambo la kuahirisha, kwa sababu siku injini itakapoanguka na kupiga shoti mahali hapo, ampea kadhaa zitapita kwenye magurudumu yake na hakuna kitakachozikata. Plastiki huyeyuka.

Wengine hukimbilia kununua kapasita za kubakiza stima, ambazo huipa dikoda sekunde moja au mbili za uhai reli inapokatika. Ni kitu kizuri, hasa kwa vile vijinjini vya magurudumu manne. Lakini kapasita juu ya reli chafu ni kama UPS kwenye nyumba yenye nyaya zilizooza. Rekebisha nyaya kwanza.

Sasa tuingie upande wa programu, ambao naukiri una raha yake. Mtu anasema: "Nikibonyeza honi inalia, kengele inalia, taa zinawaka, lakini haitembei." Hapa wengi hufungua injini na kuanza kuvuta waya za mota. Ngoja! Isome CV19 kwanza. Hiyo ndiyo anwani ya msafara, yaani injini mbili tatu zinapofungwa pamoja zivute treni moja zikiwa na namba moja. Injini ikiwa na namba yoyote ya msafara humo ndani, inasikiliza amri za mwendo kwa anwani ya msafara peke yake. Kwa anwani yake ya kawaida italia honi hadi kesho bila kusogea. Huenda mwenye nayo wa kwanza aliiweka kwenye msafara akaiuza bila kufuta. Andika 0 kwenye CV19, injini inatembea. Gharama ni shilingi sifuri.

Mwingine anasema injini yake imekuwa bubu. Katika dikoda nyingi za soko la Marekani, kitufe cha F8 ndicho kinachonyamazisha sauti. Katika nyingi za Ulaya unahitaji kubonyeza F1 ndipo injini iwake. Ukizoea ya huku ukanunua ya kule, utadhani umeuziwa mbovu. Na yule wa dizeli isiyotii, ambaye anafungua mwendo na inanguruma tu? Mara nyingi imetengenezwa hivyo. Sauti inapanda kwanza kama dizeli ya kweli inavyokusanya nguvu, kisha magurudumu yanafuata. Mpe sekunde chache dereva wake wa kufikirika.

Halafu kuna ile inayotisha: unawasha mfumo, na injini inaruka kwa kasi yote bila kuguswa. Hapa ni CV29, ambayo tusomaye biti tutaipenda. Biti ya 2 inairuhusu dikoda ifanye kazi pia kwenye stima ya mtindo wa zamani. Ikiikosa ishara ya DCC kwa kitambo, kwa mfano baada ya shoti, inaweza kudhani iko kwenye reli ya zamani iliyofunguliwa hadi mwisho, ikakimbia. Zima biti hiyo. Kama CV29 ilikuwa 6, andika 2. Kama ilikuwa 38, andika 34. Ni kutoa 4 tu.

Kabla sijaendelea, neno moja kwa wale ambao dawa yao ya kila ugonjwa ni kuandika 8 kwenye CV8 ili dikoda irudi kama ilivyotoka kiwandani. Katika dikoda nyingi inafanya kazi, sikatai. Lakini ni tabia ile ile ya fundi ambaye kila ukimpelekea tarakilishi anafuta kila kitu na kuweka Windows upya. Umepoteza anwani, umepoteza kiwango cha kila sauti ulichokipanga kwa wiki nzima, na hukujifunza kosa lilikuwa nini. Soma kwanza, andika baadaye.

Kusoma kwenyewe kuna utamu wake. Injini ukiiweka kwenye kipande cha reli cha kupangia, haina njia ya kuongea, maana haina waya wa kurudisha ujumbe. Basi kituo kinauliza maswali ya ndiyo au hapana: "Je, biti hii ni 1?" Kama ni ndiyo, dikoda inaisukuma mota kidogo ili ivute angalau miliampea 60 kwa milisekunde 6. Kituo kinaona mvuto huo, kinaandika ndiyo, kinaenda kwenye biti inayofuata. Ndiyo maana unaona injini ikitetemeka kama yenye homa. Na ndiyo maana dikoda zenye sauti husumbua hapo: reli ya kupangia hupewa stima kidogo kwa usalama, na dikoda yenye kapasita kubwa huimeza yote kabla haijajibu. Kituo kinasema hakuna jibu, mwenye nayo anasema imekufa. Haijakufa. Kuna vifaa vidogo vya kuongeza nguvu kwenye reli hiyo, au iweke kwenye reli kuu uiandikie ukiwa huko huko.

Umeona sasa? Kila ugonjwa niliotaja unatibika kwa sababu mtu aliandika CV19 ni nini, biti ya 2 ni nini, miliampea 60 ni za nini. Lakini kiwango kilipangwa kwa mwendo na taa. Sauti ilikuja baadaye kwa wingi, na kila kampuni ikajenga shamba lake na ua wake. Kiwango cha sauti ya jumla, ambacho ni kitu cha msingi kabisa, ni CV63 kwenye LokSound za kampuni ya ESU na CV128 kwenye Tsunami za SoundTraxx. Hapo ndipo ramani ya pamoja inapotuishia.

Na hapo ndipo JMRI inapoingia. Hii ni programu huria iliyoandikwa kwa Java, inakwenda kwenye Windows, Mac na Linux, na sehemu yake moja iitwayo DecoderPro huzisoma CV zote na kuzionyesha kwa maneno ya kawaida badala ya namba tupu. Inawezaje kujua dikoda za kampuni nyingi hivyo? Watu wa kujitolea wameketi na vitabu vya maelezo, dikoda moja baada ya nyingine, wakaandika mafaili ya maelezo yake na kuyatoa bure. Ni kazi isiyo na sifa. Bila hayo, ungekuwa unatafuta kosa gizani.

Sasa sikilizeni kisa ambacho kila mwandishi wa programu anafaa kukijua. Robert Jacobsen, profesa wa fizikia kule Berkeley na mmoja wa waanzilishi wa JMRI, alijikuta akidaiwa zaidi ya dola 200,000 na kampuni iitwayo KAM Industries, iliyodai kwamba programu hiyo ya bure inavunja hataza yake. Mwaka 2006 alikwenda mahakamani. Katika kesi hiyo likaibuka jambo jingine: yale mafaili ya maelezo ya dikoda yalikuwa yameingizwa kwenye bidhaa ya kampuni hiyo hiyo, bila majina ya walioyaandika kama leseni ilivyotaka. Mahakama ya kwanza ilimnyima zuio, ikiliona suala la leseni kama suala la mkataba tu. Lakini Agosti 2008 mahakama ya rufaa ya federali ilisema la: masharti ya leseni huria yana nguvu ya sheria ya hakimiliki, hata kama mwenye kazi hakuomba senti. Mwaka 2010 wakapatana, na upande wa pili ukakubali kulipa dola 100,000. Kwa hiyo wewe unayeweka msimbo wako hadharani chini ya leseni huria, ujue mojawapo ya hukumu zinazokulinda, japo ni ya Marekani, ilipiganiwa kwa ajili ya vigarimoshi. Bado ni vya watoto?

Turudi kwenye kununua. Kampuni hazifanani, na si haki kuzitupa kapu moja. ESU hutoa maktaba yake ya sauti bure pamoja na programu ya kuzipanga, ila unalazimika kununua kisanduku chao ili kuziingiza. Zimo wanazo sauti za bure na nyingine ambazo hazifunguki mpaka ulipie namba ya siri. Tsunami2 huja na sauti zake ndani, nyingi na nzuri, unachagua kati ya hizo na huongezi nyingine. Hayo yote yanavumilika kwa sababu yanasemwa wazi. Kinachonikera ni injini yenye dikoda isiyo na jina, isiyo na kitabu cha CV, iliyolehemiwa moja kwa moja kwenye ubao wa injini bila soketi. Ikifa hiyo, huwezi hata kuichomoa ukaweka nyingine. Hapo hukununua injini, umekodi. Soketi ya kiwango inauzwa kwa senti, na asiyeiweka ameamua.

Spika nazo zisisahaulike, maana hapa kidogo tuna bahati. Sauti nyembamba kama ya mbu mara nyingi ni ya spika iliyoachwa wazi. Hewa ya mbele na ya nyuma zinakutana na kufutana. Ifungie kwenye kijisanduku kisichopitisha hewa na utashangaa. Spika ndogo za simu zinafaa sana kwa kazi hii, na kwa mafundi simu wa Luthuli Avenue ni za bei ya chai na mandazi. Pima tu omu zake. LokSound za zamani hadi toleo la 3.5 zilitaka spika ya omu 100, na ukizifungia ya omu 8 utaunguza amplifaya. Za sasa zinakubali 4 au 8 bila tabu.

Na kwa nini mtu wa hapa kwetu ajali kama sauti inaandikika? Kwa sababu ya Garratt. Zile za daraja la 59 za Reli ya Afrika Mashariki, 34 kwa jumla, zilijengwa Manchester na Beyer Peacock katika miaka ya 1950, tani 252 kila moja, na ile namba 5918 Mount Gelai iko pale Makumbusho ya Reli, Nairobi. Garratt ni kama injini mbili chini ya bwela moja. Kila upande hupumua mara nne kwa mzunguko wa gurudumu, lakini pande hizo mbili hazijafungwa pamoja, kwa hiyo pumzi zao huachana, hukutana, huachana tena. Dikoda nzuri za leo zinaweza kuigiza jambo hilo, magurudumu ya mbele na ya nyuma yakienda kila moja na hesabu yake. Mwenye rekodi halisi ya 59 ikipanda mlima anaweza kuiingiza kwenye dikoda inayoandikika jioni moja. Kwenye ile iliyofungwa, ataendelea kusikia pumzi za injini ya Pennsylvania.